Programu inatembea, lakini inatembea kwenda wapi?



Siku hizi, fasi yoyote wahitimu wanakutana, kuko neno moja linarudi: "Kujifunza programu ni kupoteza wakati, IA itaandika yote." Mmoja anasema kwa furaha, mwingine kwa woga, lakini wote wanaongea kama vile kesi imekwisha kukatwa. Mimi ninaona kesi yenyewe haijafunguliwa sawasawa. Tunauliza kama IA inajua kuandika programu. Inajua, tusibishane juu ya hilo. Swali lenye linatuhusu sisi wa Bunia ni lingine: wakati inaandika, ni vitu gani inaamua mu nafasi yetu bila kutuambia, na nani atalipa kama imeamua vibaya?

Tuanze na vifaa vyenyewe. GitHub Copilot ilitolewa kwa majaribio mwezi wa 6 mwaka 2021, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2022. ChatGPT ilifuata tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka huo wa 2022. Leo kuko Claude, Gemini, DeepSeek na zingine. Unaandika ombi lako kwa Kifaransa, hata kwa Kiswahili chetu, na kisha dakika moja uko na mistari ya R ao ya Python yenye ingekuomba siku mbili.

Nani anaandika programu hapa Bunia? Hatuna makampuni makubwa ya programu kama Nairobi. Mwenye kuandika ni mwanafunzi wa UNIBU ao wa Shalom mwenye anamaliza memoire. Ni kijana wa ONG mwenye alikusanya majibu kwa KoboToolbox, na shefu anataka tablo siku ya Ijumaa. Ni agronomu mwenye iko na faili ya Excel ya majaribio ya maharagi. Programu zetu ni fupi: soma faili, safisha, hesabu wastani, chora grafiki. Ninahukumu IA kwa kazi hiyo, juu njo kazi yetu ya kila siku.

Kwanza nitoe sifa, juu sifa iko. Miaka ya nyuma, mwanafunzi wa agronomia mwenye alitaka kutumia R alikuwa peke yake. Vitabu vingi ni vya Kiingereza, ujumbe wa kosa unatoka kwa Kiingereza, na mwalimu wa statistiki iko na wanafunzi wengi kupita kiasi. Wengi walilipa rafiki wa informatika kusudi awafanyie mahesabu, na siku ya kutetea memoire walisoma namba zenye hawakujua zilitoka wapi. IA imefungua mlango huo. Unabandika ujumbe wa kosa, unauliza: hii maana yake nini? Inakueleza kwa upole, saa nane ya usiku, bila kukucheka. Mtu mwenye anasema kifaa hiki hakina faida hajawahi kulala na kosa moja la R kwa siku tatu. Na wale wenye wanataka kukikataza kabisa, ni kama wanakataza mvua. Wanafunzi watakitumia kwa siri, na kazi ya siri hakuna mtu wa kuikosoa.

Sasa ukosoaji wangu. Programu ikimaliza bila kuonyesha kosa, sisi tunasema "inatembea", na neno hilo linatutosha. Tatizo liko hapo. Mashine ikikuta kosa la sarufi ya lugha yake, inasimama na kupiga kelele. Ikikuta kosa la maana, haisemi kitu, juu kwake haiko kosa. Na IA imejifunza kwa mistari mingi sana ya programu zenye ziko wazi kwa intaneti, na sehemu kubwa ya mistari hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, juu ya faili za Marekani na Ulaya. Kila fasi yenye wewe haukusema kitu, inajaza na desturi ya kule, na inajaza kimya kimya. Tuone mifano mine.

Wa kwanza ni koma, ile virgule yetu ya shule. Sisi tunaandika kilo 2,5. Mmarekani anaandika 2.5. Mu R, amri ya read.csv inangojea nukta. Kwa faili za Kifaransa kuko read.csv2, ao unasema mwenyewe kama koma njo inatenga desimali. Chukua parseli nne: 2,5, 3, 4, 1,5. Wastani wa kweli ni kilo 2,75. Kama IA haikujua faili yako ni ya Kifaransa, safu hiyo itasomwa kama maneno. Unalalamika, inakupa dawa: geuza maneno kuwa namba. R inageuza 3 na 4 bila shida, lakini zile zenye koma zinakuwa NA, ni kusema "haijulikani". Inatoa onyo dogo kwa Kiingereza, lakini onyo halisimamishi kazi, na wengi hawalisomi. Unalalamika tena juu wastani hautoki, inakupa dawa ya pili: ruka NA. Sasa inatembea! Wastani ni 3,5. Parseli mbili kati ya nne zimepotea, mavuno yamepanda kwa karibu asilimia 27, na hakuna mtu mwenye anashtuka, juu 3,5 inafanana na namba ya kweli. Afadhali hata koma zingefutwa tu na wastani utoke 11,75. Ile angalau mwalimu angeifungulia macho.

Wa pili ni tarehe. Mkulima wa Irumu alipanda maharagi 03/04/2024. Kwetu ni tarehe 3 mwezi wa 4. Lakini pandas, maktaba ya Python yenye watu wengi wanatumia kwa tablo, inasoma mwezi kwanza kama haukuiambia dayfirst. Kwake ni tarehe 4 mwezi wa 3, siku 30 mbele. Kwa maharagi yenye yanakomaa mu miezi karibu mitatu, siku 30 ni theluthi ya maisha yake. Kisha inafika kwa 15/04/2024, inakuta hakuna mwezi wa 15, inasimama. Unabandika kosa kwa IA, na dawa yenye inakuja haraka ni errors="coerce", maana yake: tarehe yenye haisomeki, ifute. Matokeo ni kama tarehe zote za kuanzia 13 zinafutwa, na zile za 1 mpaka 12 zinabaki, lakini siku na mwezi zimebadilishana nafasi. Ukiandika mu memoire kama wakulima walipanda mbele ya mvua ao kisha mvua, unaongea juu ya kalenda yenye hakuna mkulima aliifuata.

Wa tatu ni mdogo, lakini unafundisha. Kongo iko na saa mbili: magharibi inafuata Kinshasa, mashariki inafuata Lubumbashi, na Ituri iko mashariki. Mu programu, majina ni Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, na kati yao kuko tofauti ya saa moja. Ukisema tu "saa ya RDC", ni rahisi mashine ikupe ile ya mji mkuu. Mvua yenye ilinyesha Bunia saa sita na nusu ya usiku itaandikwa kwa siku ya jana. Kwa usiku mmoja haiko kitu. Kwa mtu mwenye anahesabu siku za mvua za msimu mzima, ni kitu.

Wa nne njo unanisumbua zaidi ya yote. Tuseme umefanya uchunguzi wa mavuno ya maharagi kwa nyumba 20 za Djugu. Namba hizi ni za kujifunzia tu, haiko uchunguzi wa kweli. Nyumba 12 zilivuna, na wastani wao ni kilo 750 kwa hekta. Nyumba 8 hazikuvuna, juu watu walikimbia vita mbele maharagi yakomae; leo wako kwa kambi ya Kigonze ao kwa jamaa hapa mjini. Mu faili, safu ya mavuno kwa nyumba hizo 8 iko tupu. Unaambia IA: nihesabie wastani.

IA iko na njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kuruka fasi tupu. Pandas inafanya hivyo yenyewe bila kuulizwa. R, kwa heshima yake, inakataa: kama kuko fasi tupu, inajibu NA, sawa na mzee mwenye anasema "hilo sijui". Lakini IA inajua kumnyamazisha mzee: inaongeza na.rm = TRUE. Jibu ni kilo 750. Njia ya pili ni kujaza zero kwa kila fasi tupu. Jibu ni kilo 450. Mahesabu yote mawili ni sahihi, na programu zote mbili zinatembea.

Sasa fikiria ripoti ikifika kwa meza ya mtu wa Kinshasa ao wa Geneva. Ukiandika 750, atasoma: Djugu wanavuna vizuri, hawahitaji msaada wa mbegu. Zile nyumba 8 zimefukuzwa mara mbili, kwanza na watu wa silaha, kisha na mstari wa programu. Ukiandika 450, atasoma: udongo umechoka ao mbegu ni mbaya, tupeleke mbolea na aina mpya. Lakini udongo haukukosa kitu. Ukweli unaomba sentensi nzima: wenye walibaki walivuna kilo 750 kwa hekta, nyumba 8 kwa 20, ni kusema asilimia 40, hazikuvuna, sababu ni vita, haiko mbegu wala udongo. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa tu na mtu mwenye alifika kwa shamba, ao mwenye aliuliza wenye walifika. Mu faili haimo.

Fasi tupu mu faili iko na historia. Inaweza kuwa mkulima alikataa kujibu, panya walikula gunia, mwenye kuuliza alisahau, ao kijiji kizima kilikimbia. Kwa mashine, zote ni tupu moja.

Sisi wa agronomia tungepaswa kuelewa jambo hili mbele ya wengine, juu sehemu kubwa ya hesabu zenye IA inaandika leo mu sekunde mbili ilizaliwa kwa shamba. Ronald Fisher aliingia Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, mwaka 1919. Alikuta majaribio ya ngano yenye yalikuwa yanaendelea tangu 1843, na makaratasi yake yote. Njo huko alijenga uchambuzi wa varianse, ile ANOVA yetu, na mazoea ya kugawa parseli mu bloku kwa bahati nasibu. Kitabu chake cha mwaka 1925 kilifundisha watafiti wa dunia nzima. Bloku iliwekwa juu upande mmoja wa shamba unashika maji na mwingine hapana. Kwetu pia jambo hili haliko geni: INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na INERA, yenye ilirithi kazi yake, iko na kituo Nioka, humu humu Ituri.

Leo unaomba IA: nipe ANOVA. Inakupa mstari mmoja. Kama haukuiambia kama shamba lako lilikuwa kwa kilima na bloku zilifuata mteremko, inaweza kukupa ANOVA bila bloku. Kama ulipima mimea 10 mu kila parseli na haukuieleza, inaweza kuhesabu mimea hiyo 10 kama vile ni parseli 10. Kosa hili la pili Stuart Hurlbert alilipa jina mwaka 1984, alipoonyesha limejaa mu makala za wanaekolojia wenye walisoma sana. Jibu litatoka na nyota tatu za uhakika, na juri watafurahi, lakini nyota hizo zinatoka kwa kuhesabu parseli moja mara kumi.

Mtu ataniambia: makosa kama haya yalikuwa hata kabla ya IA. Ni kweli, na kuko mfano unajulikana. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala yenye ilisema inchi zenye deni lao linapita asilimia 90 ya mapato ya taifa, uchumi wao kwa wastani unarudi nyuma, asilimia 0,1 chini ya zero. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitumia kutetea kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, aliomba faili yenyewe ya Excel juu ya kazi ya darasa. Akakuta fomula iliruka inchi tano, na kuko uchaguzi mwingine wa kuhesabu wenye haukuelezwa vizuri. Yeye na walimu wake waliporudia hesabu, walipata asilimia 2,2 juu ya zero. Mwanafunzi alikosoa mabingwa kwa kufungua faili na kufuata mstari kwa mstari.

Lakini angalia tofauti. Fomula ile iliandikwa na watu, na watu hao waliweza kuulizwa: kwa nini mliruka hizi? Leo mistari 200 inafika mu dakika moja, na hakuna mtu mwenye aliichagua. Mwalimu akiuliza kwa nini uliruka fasi tupu, mwanafunzi anajibu: "Ni programu ilifanya." Njo jibu lenye linaniogopesha. Zamani wenye kulipa rafiki wa informatika walikuwa na jibu hilo hilo. IA imelifanya kuwa la bure na la kila mtu.

Na tusidanganyike na haraka. Uchunguzi wa Copilot ulionyesha waandika programu wakimaliza kazi moja fupi, kutengeneza seva ndogo, kwa muda mdogo kwa karibu asilimia 56 kuliko wenye hawakuwa nayo. Sawa, sibishi. Lakini mu mwaka 2025 shirika la METR lilipima watu 16 wenye uzoefu kwa kazi 246 za kweli, ndani ya miradi yenye walikuwa wanaijua vizuri. Walitazamia IA itapunguza muda kwa asilimia 24. Kisha kazi walisema ilipunguza kwa asilimia 20. Saa ilipohesabiwa, walikuwa wamechelewa kwa asilimia 19. Sichukui namba hii kusema IA inachelewesha kila mtu. Vifaa vinabadilika, na watu wale hawafanani na sisi. Ninachukua kitu kimoja: mtu hajui mwenyewe kama amesaidiwa. Kama mabingwa walikosea juu ya muda wao wenyewe, sisi tutajuaje juu ya wastani wa maharagi, kama hatupimi?

Jibu lingine lenye ninasikia: "Ngoja, mwaka kesho IA itakuwa na akili zaidi." Itakuwa nayo. Hata leo, ukiiambia: faili ni ya Kifaransa, tarehe inaanza na siku, tuko kwa saa ya Lubumbashi, fasi tupu ya safu hii maana yake watu walikimbia, bloku zinafuata mteremko, itaandika mistari mizuri sana, na pengine itakukumbusha kitu ulisahau. Mimi sikosoi uwezo wake wa kuandika. Lakini kusudi uiambie mambo hayo, lazima uyajue, na uyajue kama yana maana. Akili ya mashine inaweza kukua mpaka mbinguni. Habari ya kama nyumba ya saba ilikimbia mwezi wa 5 iko paka mu kichwa cha mwenye alifika pale. Njo maana ninasema wenye wanaacha masomo ya statistiki juu ya IA wanatupa kitu chenye kingewafanya waitumie vizuri.

Kuko pia jambo la siri za watu. Kwa haraka ya kazi, mtu anabandika faili nzima kwa IA: majina, namba za telefone, kijiji, kabila, idadi ya watoto. Faili hiyo imetoka mu inchi, imeenda kwa mashine ya kampuni ya mbali. Kongo iko na Kodi ya Dijitali, ile Code du numérique, tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, na inalinda habari za kibinafsi. Lakini hata bila sheria, sisi wa provensi hii tunajua kama orodha ya majina na vijiji inaweza kuua watu. Mama mwenye alikujibu chini ya hema alikuamini wewe. Hakuamini seva. Na kwa kazi ya kuandika programu, IA haihitaji majina hata kidogo: inatosha kuiambia safu zinaitwa nani na kuipa mistari mitano ya kubuni.

Tena, mwenye anategemea IA kwa kila kitu anategemea mega na umeme. Tunakumbuka Kongo nzima ilikatiwa intaneti kisha uchaguzi, tangu 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kwa karibu siku 20. R ikishawekwa kwa ordinateri inafanya kazi bila intaneti, pamoja na maelezo yake yote ndani. Unaandika alama ya kuuliza na jina la amri, inakufungulia. Mwenye anajua amri kumi tu, koneksio ikikatika anaendelea polepole. Mwenye hajui hata moja anafunga ordinateri na kungoja.

Sasa tufanye nini? Ninapendekeza mambo matano, na hakuna lenye linaomba franga.

Moja: mbele ya kufungua IA, andika ukurasa mmoja wa faili yako. Kila safu ni nini, kipimo gani, kilo ao beseni, tarehe inaandikwa namna gani, fasi tupu maana yake nini. Kama fasi tupu ziko na maana tatu, andika alama tatu tofauti tangu siku ya kukusanya, usingoje ofisini.

Mbili: tengeneza faili ndogo ya mistari mitano yenye jibu lake umelihesabu kwa mkono. Tia ndani koma moja, tarehe moja ya 15, fasi tupu moja. Pitisha programu hapo kwanza. Ikikupa jibu lenye haliko la mkono wako, umeokoa memoire.

Tatu: kila hatua, uliza programu iko na mistari mingapi. Iliingia 240, ilitoka ngapi? Kama ilitoka 171, zile 69 zilienda wapi? Swali hili moja linakamata makosa mengi ya mifano yangu.

Nne: kisha IA kuandika, iulize: "Ni mambo gani umeamua yenye mimi sikukuambia?" Inajibu vizuri mara nyingi, kuliko vile watu wanafikiri. Usiamini orodha kama imekamilika, lakini ichukue na uiandike mu memoire kwa maneno yako, fasi ya metode.

Tano, na hii ni kwa walimu na juri: musiulize tena kama mwanafunzi alitumia IA. Alitumia. Fungueni anekse, onyesheni mstari mmoja, na mseme: tueleze huu. Akieleza, kazi ni yake, hata kama mkono wa kuandika ulikuwa wa mashine. Akishindwa, kazi haiko yake, hata kama aliandika kila herufi. Hiyo ni haki kwa pande zote, na haiombi mashine ya kukamata wadanganyifu.

Kwa umoja wetu huu wa wahitimu, ninaomba kitu kimoja. Tutengeneze faili moja ya mazoezi, ya kubuni, bila jina la mtu hata mmoja, yenye sura ya kazi zetu za kweli: koma, tarehe za kwetu, beseni na kilo, nyumba zenye zilikimbia. Tuandike majibu sahihi pembeni, kwa mkono. Kila mwanafunzi mwenye anaanza na IA ajipime hapo mbele ya kugusa faili ya watu. Mimi niko tayari kuandika sehemu ya maharagi na mihogo. Wa afya, wa uchumi na wa jeografia, leteni mitego ya kwenu, juu minajua iko. Na mwenye anaona nimekosea ao nimeonea IA, aandike hapa chini na mfano wake. Tutaupima kwa pamoja, mstari kwa mstari.